Kupimiwa Baiskeli kwa Ajili ya Triathloni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Arusha na Moshi

Maswali haya yanarudiwa na wanamichezo wa Arusha na Moshi wanaoingia katika triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, wengi wao wakitokea kwenye mbio za miguu na wachache kwenye kuogelea. Yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi hali zisizo za kawaida, na pale jibu moja linapohusiana na jingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kupimiwa baiskeli ni nini hasa?

Ni kazi ya kuirekebisha baiskeli ifuate mwili wa mtu mmoja, kama fundi cherehani anavyopima mabega na kiuno kabla ya kukata kitambaa. Mwili wa mwendeshaji hugusa baiskeli sehemu tatu tu, yaani pedeli, siti na usukani, na umbali kati ya sehemu hizo ndio unaoamua goti litakunjwa kiasi gani, mgongo utalala vipi na uzito utaangukia wapi.

Watu wengi hudhani kwamba kazi hii ni kupandisha au kushusha siti, na kweli urefu wa siti ndio kipimo chenye matokeo makubwa kuliko vingine vyote. Hata hivyo, siti ikisogezwa mbele kidogo, urefu wake halisi kwa mguu umebadilika. Usukani ukishushwa, nyonga nayo imebanwa. Vipimo hivi vimefungamana, na ndiyo sababu mtu anayerekebisha kimoja bila kuviangalia vingine hutibu goti na kuamsha kiuno.

2. Kwa nini triathloni ihitaji upimaji wake? Si baiskeli ni baiskeli?

Mwendesha baiskeli wa kawaida akivuka mstari wa mwisho kazi yake imekwisha. Mwanatriathloni anashuka na kuanza kukimbia. Katika masafa ya Olimpiki anakuwa ameogelea kilomita 1.5 na kuendesha kilomita 40, na bado ana kilomita 10 za mbio. Katika nusu masafa kuna kilomita 90 za baiskeli na kilomita 21.1 za mbio; katika masafa kamili kuna kilomita 180, kisha marathoni nzima ya kilomita 42.2. Mkao wake lazima umpe kasi, umwezeshe kula na kunywa bila kuyumba, na umwachie miguu inayoweza kukimbia.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa aina maalumu ya baiskeli. Mwaka 1989 Mmarekani Dan Empfield alitoa Quintana Roo Superform, baiskeli iliyojengwa tangu mwanzo kwa ajili ya triathloni, ikiwa na bomba la siti, yaani lile la fremu linalobeba siti, lililosimama zaidi kuliko la baiskeli ya barabarani. Bomba likisimama, siti husogea mbele, na mtu anaweza kuinamisha mgongo bila paja kugonga tumbo. Swali la 8 linaeleza jambo hilo kwa undani.

3. Nina baiskeli ya mtumba niliyonunua kwa bei nafuu. Nipimiwe sasa, au nisubiri hadi ninunue nzuri?

Pimiwa sasa. Mwili unaoumia juu ya baiskeli ya bei nafuu ni ule ule utakaoumia juu ya baiskeli ya bei ghali. Zaidi ya hayo, vipimo utakavyopata leo ndivyo vitakavyokuonyesha fremu ya kutafuta kesho. Nimeona watu wakinunua kwanza na kupima baadaye, kisha wakagundua kwamba fremu ni ndefu mno na hakuna rekebisho linaloweza kuifupisha. Utaratibu wa kuchagua fremu kwa namba uko katika swali la 18.

Sharti moja tu: fremu iwe karibu na saizi yako na baiskeli iwe nzima. Bomba la kupandishia siti likiwa limeganda ndani ya fremu kwa kutu, lishughulikiwe na fundi kabla ya siku ya kupimiwa.

4. Je, fundi wangu wa baiskeli mtaani anaweza kunipima?

Fundi mzuri anaijua baiskeli. Mpimaji mzuri anaujua mwili juu ya baiskeli. Wakati mwingine mtu mmoja ana vyote viwili, lakini usichukulie hivyo bila kuuliza. Sikiliza maswali anayokuuliza yeye. Mtu anayeanza kwa kuuliza umewahi kuumia wapi, unashindana masafa gani, unakaa juu ya baiskeli saa ngapi kwa wiki, na anayekutaka uiname ujaribu kugusa vidole vya miguu, yuko kwenye njia sahihi. Mtu anayekutazama mara moja na kushika spana, mshukuru na uondoke.

Vifaa vina umuhimu mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Kamera za kufuatilia mwendo husaidia, lakini timazi ya mwashi, pimamaji, futi na kipima pembe vikiwa mikononi mwa mtu makini vinafanya sehemu kubwa ya kazi. Mtaalamu wa tiba ya viungo anayeendesha baiskeli mwenyewe ni hazina, hasa kwa mwenye jeraha la zamani.

5. Malipo huhesabiwaje?

Kwa muda na kwa ufuatiliaji. Kikao kamili cha triathloni huchukua saa mbili hadi tatu, na bei yake haiwezi kulingana na ya kurekebisha siti kwa dakika kumi. Kabla ya kukubaliana, uliza mambo matatu: je, bei inajumuisha kurudi baada ya wiki chache kwa marekebisho, je, utapewa vipimo vyako vyote kwa maandishi, na je, vipuri kama shingo ya usukani (kipande kinachouunganisha na fremu) au siti mpya vinalipiwa kando. Hilo la pili mimi silisamehe kamwe, kwa sababu mtu akikunyima namba zako amekuuzia kitu ambacho huwezi kuondoka nacho.

## Siku ya kupimiwa

6. Niende na nini, na nitafanyiwa nini?

Nenda na baiskeli iliyosafishwa, viatu vyako vya kuendeshea, kaptura unayovaa siku ya mashindano na chupa ya maji. Usiende siku iliyofuata mazoezi marefu, kwa kuwa misuli iliyokaza hutoa vipimo vya uongo.

Kikao hufuata mpangilio wa kutoka chini kwenda juu. Kwanza huja mazungumzo, kisha mwili unakaguliwa nje ya baiskeli: unyumbufu wa misuli ya nyuma ya paja, mzunguko wa nyonga, urefu wa miguu, umbo la nyayo. Baada ya hapo baiskeli inafungwa kwenye stendi ya mazoezi, pimamaji linathibitisha kwamba imekaa sawa, na unaendesha dakika 15 hadi 20 ili mwili uache kujipanga kwa ajili ya kutazamwa. Hapo ndipo kazi inaanza: kliti (kibati cha chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedeli), urefu wa siti, siti mbele au nyuma, na mwisho kabisa usukani. Kila badiliko linafuatwa na dakika kadhaa za kuendesha kabla ya badiliko jingine.

Mpangilio huu una sababu. Pedeli iko mahali pamoja daima, siti hupimwa kutoka kwenye pedeli, na usukani hupimwa kutoka kwenye siti. Anayeanza na usukani anajenga paa kabla ya msingi, na atalazimika kulibomoa siti itakapohamishwa.

7. Siti iwe juu kiasi gani?

Kuna njia ya haraka, njia ya hesabu na njia ya pembe, na mpimaji makini hutumia zaidi ya moja.

Njia ya haraka ni ya kisigino. Kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo pa kuanzia.

Njia ya hesabu hutumia urefu wa mguu kwa ndani. Simama peku ukiegemea ukuta, bana kitabu kigumu katikati ya miguu hadi kiguse mfupa kwa nguvu kama siti inavyogusa, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883, na utapata umbali kutoka katikati ya mhimili wa krenki, yaani mkono unaobeba pedeli, hadi juu ya siti. Hesabu hii ilienezwa na bingwa wa mbio za baiskeli wa Marekani, Greg LeMond. Mwenye sentimita 80 anapata karibu sentimita 70.6. Hesabu nyingine ni ya Hamley na Thomas, waliochapisha utafiti wao mwaka 1967, nayo ni asilimia 109 ya urefu huo huo, ikipimwa kutoka juu ya pedeli iliyo chini hadi juu ya siti, yaani sentimita 87.2 kwa mtu yule yule. Ukitoa krenki ya sentimita 17 utaona kwamba njia hizi mbili zinafika karibu mahali pamoja.

Lakini hesabu haijui kwamba una misuli mifupi nyuma ya paja, wala kwamba unashusha kisigino unapokanyaga. Kwa hiyo njia ya pembe ndiyo inayoamua: pedeli ikiwa chini na mwendeshaji ametulia, goti liwe limekunjwa kati ya digrii 25 na 35 kutoka mguu ulionyooka. Mtu akiwa katika mwendo pembe hiyo huongezeka digrii kadhaa, na mpimaji anatakiwa kukuambia amepima kwa hali ipi. Mgeni wa mchezo huu, na mtu mwenye misuli iliyokaza, aanzie upande wa siti ya chini kidogo. Mkimbiaji anayekuja kutoka Kilimanjaro Marathon akiwa na misuli ya nyuma ya paja kama kamba ya katani namhesabu katika kundi hilo, hata kama ana mbio kali.

8. Kwa nini siti ya triathloni inasogezwa mbele sana?

Kwenye baiskeli ya barabarani, wapimaji wengi huning'iniza timazi kutoka mbele ya goti huku krenki ikiwa mlalo, na kamba inatarajiwa kupita karibu na mhimili wa pedeli. Bomba la siti la baiskeli hiyo lina pembe ya digrii 72 hadi 74 kutoka mlalo. Katika triathloni pembe inayotumika kwa kawaida ni ya digrii 76 hadi 80, na goti huenda mbele ya mhimili wa pedeli bila kosa lolote.

Fikiria mwili mzima umezungushwa mbele kama mshale wa saa, mhimili wa krenki ukiwa ndio kitovu. Mgongo unashuka, lakini pembe kati ya paja na kiwiliwili inabaki ile ile. Ukishusha mgongo bila kusogeza siti mbele, pembe hiyo inafinywa. Paja linapanda hadi tumboni, pumzi inakuwa fupi, na nguvu inapotea pedeli inapopita juu. Kwa mtu wa Arusha, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa tayari ni nyepesi, mkao unaobana tumbo ni gharama ambayo sioni sababu ya kuilipa.

Faida nyingine huonekana kwenye mbio. Garside na Doran, katika utafiti wa mwaka 2000 uliolinganisha pembe za digrii 73 na 81, waliona kwamba kilomita 10 zilizofuata baiskeli zilikimbiwa kwa muda mfupi zaidi pembe ilipokuwa kubwa.

Kumbuka kwamba siti ikienda mbele inaikaribia pedeli, kwa hiyo lazima ipandishwe kidogo ili mguu ubaki na urefu ule wa swali la 7.

9. Vishikio vya kulalia viwekwe wapi?

Hivi ni vishikio vinavyotokeza mbele ya usukani, ambavyo mtu huvishika akiwa ameinama na viwiko vimelala kwenye vipoza viwiko. Lengo ni uzito wa kifua na kichwa ubebwe na mifupa, usibebwe na misuli. Kiwiko kikiwa kimekunjwa kwa takribani digrii 90 na mkono wa juu ukishuka karibu wima kutoka begani hadi kwenye kipoza kiwiko, bega linapumzika. Vipoza viwiko vikiwa mbali mno mbele, mwili unaning'inia na mabega yanachoka. Vikiwa karibu mno, unasukumwa nyuma ya siti na kila baada ya dakika chache unajikuta ukijivuta mbele tena.

Upana huanza kama upana wa mabega, na hupunguzwa taratibu kadiri mtu anavyozoea kuongoza baiskeli akiwa amelala. Ncha za vishikio zikiinuka kidogo, watu wengi hupata nafuu ya vifundo vya mikono. Kuhusu kushuka chini, soma swali la 15 kabla hujaondoa pete yoyote inayouinua usukani chini ya shingo yake.

10. Je, urefu wa krenki una umuhimu?

Una umuhimu, lakini si kwa sababu watu wanayoitaja. Wengi hudhani krenki ndefu inaleta nguvu kwa sababu ni wenzo mrefu. Watafiti Martin na Spirduso walipima krenki za milimita 120 hadi 220 mwaka 2001, na nguvu ya juu kabisa kwa krenki ya 145 na ya 170 ilikuwa karibu sawa.

Krenki fupi inasaidia kwa namna nyingine: goti halipandi juu sana, hivyo nyonga inapata nafasi. Mtu mfupi anayeendesha baiskeli ya mtumba yenye krenki za milimita 175 na anayelalamika kwamba anakosa pumzi akilala, ningemwangalia krenki kabla ya kitu kingine. Ukibadili kutoka 175 kwenda 165, siti hupanda milimita 10.

## Maumivu na ganzi

11. Nakufa ganzi kwenye msamba. Ni kawaida?

Si kawaida, wala si jambo la kuvumilia. Ganzi ni dalili kwamba mishipa ya fahamu na ya damu ya msamba imegandamizwa, na inapotokea mara kwa mara mtu asiendelee kuendesha mkao huo huo akitarajia kuizoea. Nasema hivi kwa wanaume na wanawake sawa, kwa sababu wanawake wengi huona haya kulitaja jambo hili mbele ya mpimaji wa kiume, na wanaumia kimya miezi mingi. Mpimaji anayestahili jina hilo huuliza mwenyewe, kwa heshima, na hukubali uje na mwenzako.

Ukikaa wima, uzito huangukia mifupa miwili ya makalio. Ukilala mbele, nyonga inazunguka na uzito unahamia sehemu laini. Siti ya kawaida yenye pua ndefu haikutengenezwa kwa mkao huo. Siti yenye pua fupi, iliyogawanyika katikati, ndiyo inayofaa. Kabla ya kuinunua, angalia kwanza kama siti imepanda mno au imeinua pua, kwa kuwa kuishusha pua digrii moja au mbili mara nyingi huleta nafuu. Ukiishusha zaidi ya hapo utateleza mbele na mikono itabeba mzigo.

Siti nene yenye sponji laini haitibu tatizo hili. Sponji inabonyea chini ya mifupa na kuinuka katikati, pale pale palipokuwa panaumia. Ganzi ikiendelea baada ya kushuka, muone daktari.

12. Goti linauma. Nianzie wapi?

Mahali panapouma panaelekeza. Maumivu ya mbele ya goti, chini ya kifuniko chake, mara nyingi hutokana na siti iliyo chini mno au iliyo mbele mno, au na kusukuma gia nzito kwa mzunguko wa polepole, jambo ambalo milima ya kwenda Marangu na Machame inalichochea. Maumivu ya nyuma ya goti huelekeza kwenye siti iliyo juu mno. Maumivu ya pembeni, ndani au nje, kwa kawaida huanzia kwenye kliti iliyogeuza kisigino upande ambao mguu haukutaka.

Badilisha kitu kimoja, kwa milimita 2 hadi 3 tu, kisha endesha mara tatu au nne kabla ya kugusa kingine. Goti lililovimba au linalouma hata ukipanda ngazi ni la hospitali.

13. Shingo, mikono na kiuno vinachoka mapema. Je, ni mkao au ni mimi?

Huwa ni vyote viwili. Shingo inayochoka ndani ya saa moja kwa mtu mwenye afya inasema usukani uko chini kuliko uwezo wake wa sasa. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete hutokana na kugandamizwa kwa neva inayopita ukingoni mwa kiganja, na dawa yake ni kuhamisha uzito kutoka mikononi kurudi kwenye siti na vipoza viwiko.

Kiuno ni mwalimu mkali zaidi. Nyonga ikikataa kuzunguka mbele, kiuno kinapinda badala yake, na hakuna pete ya usukani inayoweza kuchukua nafasi ya mazoezi ya tumbo na unyumbufu. Mpimaji akikuambia ufanye mazoezi hayo wiki sita kisha urudi ashushe usukani, amekuhudumia vizuri kuliko yule anayeushusha siku hiyo hiyo.

14. Vidole vya miguu vinawaka moto.

Kiatu kimebana au kliti iko mbele mno. Irudishe kliti nyuma milimita chache kuelekea kisigino. Wanatriathloni wengi huipenda hapo pia kwa sababu shavu la mguu halifanyi kazi kubwa kabla ya mbio.

## Kasi

15. Je, kadiri ninavyolala chini zaidi ndivyo ninavyokwenda kasi zaidi?

Hapana, na kosa hili ndilo ninalotamani kuliona likiisha. Ni kweli kwamba kwenye tambarare, mtu akiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu yake inaliwa na upepo, na sehemu kubwa ya kizuizi hicho ni mwili wake wala si baiskeli. Mwaka 1989 LeMond aliingia siku ya mwisho ya Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, akiwa nyuma ya mpinzani wake Laurent Fignon kwa sekunde 50, akaendesha kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris juu ya vishikio vya kulalia ambavyo wanatriathloni walishaanza kuvitumia kabla yake, akashinda kwa sekunde 8. Watu wanaikumbuka hadithi hiyo na kusahau kwamba alikuwa juu ya vishikio hivyo kwa chini ya nusu saa.

Wewe utakuwa juu yake saa moja na zaidi, pengine saa sita. Mtu aliyeshuka chini kabisa, kisha kila baada ya dakika tano akainuka kunyoosha mgongo, anatembeza kifua wazi kwenye upepo kwa muda mrefu kuliko mwenzake aliye juu kidogo lakini ametulia. Mkao wenye kasi ni ule unaoweza kuushika hadi mwisho, huku unakula, unapumua, na ukishuka bado unaweza kukimbia. Ujaribu kwa kipimo hiki: endesha robo tatu ya muda unaotarajia siku ya mashindano, sehemu kubwa ukiwa umelala, kisha vaa raba ukimbie dakika 20. Ikiwa kilomita mbili za kwanza unakimbia umejikunja, usukani upandishwe.

Kuzamisha kichwa katikati ya mabega na kusogeza vipoza viwiko karibu mara nyingi hukupa kasi bila kushusha usukani hata kidogo.

16. Barabara zetu zina matuta na milima. Je, mkao huo una maana hapa?

Una maana mahali pake. Barabara kuu ya Arusha hadi Moshi, ya karibu kilomita 80 kupitia Usa River, Kikatiti na Boma Ng'ombe, ina magari mengi, bodaboda na matuta kila penye makazi. Hapo mikono ikae karibu na breki, na kulala ni hatari. Ukanda wa kusini mwa Moshi kuelekea mashamba ya miwa ya TPC ni tambarare, na upande wa Kisongo kuelekea Makuyuni una upepo unaokufundisha thamani ya kulala kuliko maelezo yoyote. Nenda alfajiri, barabara ikiwa tulivu.

Kwa sababu hiyo, mkao wetu lazima uwe mzuri mara mbili: umelala, na umeshika sehemu ya chini ya usukani au kofia za breki, yaani mipira inayofunika mashina ya breki. Mpimaji akupime katika hali zote mbili. Anayeishi Moshi na kufanya mazoezi yake mengi kwa kupanda kuelekea mlimani asikubali siti iliyo mbele kupindukia, kwa kuwa kwenye mlima mwinuko unamrudisha nyuma na baiskeli inapoteza utulivu anaposhuka.

17. Mwili huzoea mkao mpya kwa muda gani?

Wiki tatu hadi sita. Punguza muda na ukali wa mazoezi wiki mbili za kwanza. Misuli kuhisi kazi mpya ni sawa. Maumivu makali, au ganzi, siyo. Usipimiwe wiki ya mashindano.

## Hali zisizo za kawaida

18. Nawezaje kuchagua fremu kabla ya kuiona?

Usitegemee saizi iliyoandikwa, kwa sababu 54 ya mtengenezaji mmoja si 54 ya mwingine. Uliza namba mbili: staki, yaani umbali wa wima kutoka mhimili wa krenki hadi juu ya bomba la mbele la fremu, na richi, yaani umbali wa mlalo kati ya sehemu hizo mbili. Linganisha na vipimo ulivyopewa siku ya kupimiwa. Muuzaji akishindwa kuzitaja, omba picha ya pembeni kabisa na jina la modeli, kwa kuwa watengenezaji wengi huchapisha namba hizo. Kwa anayechagua kati ya fremu mbili zinazokaribiana, ya mgeni iwe ile yenye staki kubwa.

19. Mguu mmoja ni mfupi. Baiskeli inaweza kurekebishwa?

Inaweza. Kwanza itambuliwe kama ni mfupa uliopungua au ni nyonga iliyojipinda, na hilo ni la mtaalamu wa viungo. Ikiwa ni mfupa, kibati huwekwa chini ya kliti ya mguu mfupi, kwa kawaida kisichofikia tofauti yote.

20. Naweza kushindana kwa baiskeli ya barabarani?

Unaweza, na kwa mtu wa mwaka wa kwanza ndiyo ninayoipendekeza. Ukifunga vishikio vya kulalia juu ya usukani wa kawaida bila kusogeza siti, utajikuta umenyooka mno. Vishikio vifupi pamoja na siti iliyosogezwa mbele vinatatua. Soma kanuni za mashindano mapema: katika yale yanayoruhusu kufuatana nyuma ya mwenzako, kama triathloni ya Olimpiki, baiskeli maalumu ya triathloni hairuhusiwi.

21. Naweza kujipima nyumbani kwa simu?

Kwa kiasi, ndiyo. Funga baiskeli kwenye stendi, weka simu kwenye kiti mita tatu hivi kando, kwa urefu wa nyonga na ikitazama baiskeli moja kwa moja, kwani simu iliyoinama hupotosha pembe zote. Bandika vipande vya selotepu kwenye kifundo cha mguu, goti, nyonga, bega na kiwiko. Rekodi ukiwa umeshapasha mwili joto, kisha simamisha picha pedeli ikiwa chini na upime kama ilivyoelezwa katika swali la 7. Rekodi pia kutoka nyuma: nyonga zikicheza kushoto na kulia, siti iko juu.

Simu haiwezi kukueleza kwa nini nyonga moja haizunguki.

22. Nilipimiwa miaka mitatu iliyopita. Nirudie?

Rudia ikiwa umeumia, umepungua au kuongezeka uzito sana, umejifungua, umebadili viatu, siti au krenki, au umehama kutoka masafa mafupi kwenda marefu. Kama hakuna kati ya hayo na huna maumivu, kagua namba zako tu, kwani bomba la siti hushuka polepole bila mtu kutambua.

23. Nasafiri na baiskeli kwa basi. Nitarudishaje mkao wangu?

Kabla ya kuifungua, zungushia kipande cha selotepu kwenye bomba la siti pale linapoingia kwenye fremu, na piga alama ya rangi ya kucha kwenye reli za siti na kwenye vishikio. Andika vipimo vitano na uvipige picha: mhimili wa krenki hadi juu ya siti, umbali wa pua ya siti nyuma ya mhimili huo au mbele yake (kwa timazi), pua ya siti hadi vipoza viwiko, tofauti ya kimo kati ya siti na vipoza, na mwinamo wa siti. Beba futi ndogo na spana zako mwenyewe, na bomba la kaboni likazwe kwa kiwango kilichoandikwa juu yake.

Ukifika, irudishe siku hiyo hiyo, si asubuhi ya mashindano. Pima vyote vitano, endesha dakika kumi ukiwa umelala, kisha kaza tena kila skrubu uliyoigusa.